Neno la Kunyamazisha Ngoma

Wagdi alinitupia glasi ya chai kwa sababu ya neno moja. Ilinikosa ikapasukia ukutani, chai ikachuruzika juu ya nyaya za spika, nami nikamrukia nikamkaba ukosi wa shati mpaka vifungo vikaruka. Mama zetu ni ndugu wa tumbo moja. Tangu utotoni tumepigania baiskeli, tumepigania mto wa kulalia, tumepigania hata paja la kuku, lakini hiyo ilikuwa mara ya kwanza kupigania msamiati.

Lugha yenyewe tuliiita Zaffa, yaani maandamano ya harusi. Ni lugha ya kompyuta ya kupigia muziki: unaandika mstari mmoja kwa maneno ya kawaida, unabonyeza kitufe, na chombo kinalia hapo hapo mbele ya watu. Ngoma, zumari, kinanda, vyote vimo ndani ya mashine. Tuliitengeneza kwa ajili ya wapigaji wa harusi za mitaani, maana lugha za wazungu ziliwashinda, na sisi wenyewe tulizichoka. Mimi niliandika utumbo wake wote. Wagdi alichagua maneno ya amri, na Wagdi ni mtu anayependa vitu vipendeze.

Alikuwa ameifanya lugha nzima ifanane na harusi. Ukitaka chombo kipige, unaandika jina lake kisha *ingia*, kama mgeni. Ukitaka kinyamaze, unaandika jina lake kisha *toka*. Halafu kulikuwa na *simama*, ambayo ilizima kila kitu kwa mpigo, uwe umetaja chombo au hukutaja. Hapo ndipo damu iliponichemka.

"Mtu akitaka ngoma inyamaze ataandika *ngoma simama*," nilimwambia, bado nimemkaba. "Mama yako ataandika hivyo. Mama yangu ataandika hivyo. Na muziki wote utakatika."

"Ataandika *ngoma toka*. Imeelezwa kwenye maelezo."

"Nani atasoma maelezo yako harusini, fataki zinamlipukia masikioni?"

"Inshirah, lugha ina mantiki yake. Mgeni anaingia, mgeni anatoka, harusi inasimama. Hata mtoto wa chekechea anaelewa."

"Basi kapige kwenye harusi za chekechea. Mimi nataka *nyamaza* kwa chombo kimoja na *zima yote* kwa vyote."

"Zima yote," alisema, akacheka mdomo wazi. "Hilo ni bango la fundi umeme, binamu."

Nilimpiga kichwa cha pua. Sijutii. Aliyetutenganisha ni ndugu yangu Zeinhom, kwa kumpiga Wagdi teke la nyonga na kunivuta mimi nywele mpaka mlangoni. Zeinhom ni mshereheshaji wa harusi, anayejulikana mtaa wetu wote wa Imbaba kwa sauti yake. Alhamisi ile alikuwa asimame na maikrofoni kwenye harusi ya wachinjaji, na sisi tulikuwa tupige kwa Zaffa kwa mara ya kwanza mbele ya umma.

Harusi za kwetu zinaendeshwa kwa salamu. Mtu anapanda jukwaani anatunza pesa, mshereheshaji anatangaza jina lake, ukoo wake na mtaa wake, na vyombo vinampigia wimbo mfupi wa heshima. Wimbo huo haukatwi. Ukikatwa, aliyetajwa amevuliwa nguo mbele ya mtaa mzima, na kila mtu anamtazama aone atafanya nini. Kwa hiyo lazima afanye kitu. Na aliye karibu naye kuliko wote, aliyeshika maikrofoni, ni ndugu yangu. Nilikuwa namhofia Zeinhom, basi. Mambo ya ufasaha hayakuninyima usingizi.

"Lugha ni yenu, shingo ni yangu," Zeinhom alituambia huku akifuta damu ya Wagdi kwenye kibodi. "Malizaneni."

"Nitaliangalia hilo neno baada ya Alhamisi," Wagdi alisema kwa sauti ya puani. "Sasa hivi ukigusa kitu kimoja utavuruga vingine."

Alikuwa ameishikilia kompyuta kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, na kwa kweli mashine ilikuwa yake. Nikamwachia. Nilimwambia tu kwamba likitokea la kutokea nitamvunja mikono yote miwili, naye akasema amezoea ahadi zangu.

Alhamisi baada ya magharibi turubai zilikuwa zimefungwa toka ukuta hadi ukuta, taa za rangi juu, moshi wa shisha chini, na bwana harusi amebebwa mabegani mwa watu. Wagdi alikaa kwenye meza pembeni ya jukwaa. Mimi nilisimama nyuma yake kulinda nyaya zisikanyagwe, na nikiri kwamba kwa muda nilisahau ugomvi. Ilikuwa raha kuona mstari niliouandika nikiwa na nguo za kulalia unawarusha wachinjaji hewani. Ng'ombe wazima wameangushwa na mikono ile, na sasa ilikuwa inapunga leso.

Kisha akapanda Dabbur. Jina lake la cheti silijui. Sote tunamwita Dabbur, yaani nyigu, na hakuna anayeuliza kwa nini. Alikuwa ami wa bwana harusi na alikuwa ametoka jela wiki ile ile. Alitunza kwa mikono miwili, akasimama katikati ya jukwaa akanyoosha kifua, na Zeinhom akaanza.

"Salamu kwa wachinjaji wa Imbaba! Salamu kwa wanaume wasiouzana! Salamu kwa aliyekosekana tukamkosa, aliyerudi tukapona..."

Ngoma ilikuwa kubwa mno. Nilimwona Wagdi akiinamisha kichwa, amesikia kwamba inameza jina la mwenye salamu. Alitaka kuinyamazisha ili sauti ya Zeinhom isikike. Fataki ilitua mezani pake ikalipuka karibu na mkono wake, akaruka, akaandika. Nilisoma mstari ule juu ya bega lake wakati kidole chake kinabonyeza. *Ngoma simama*. Yeye mwenyewe, aliyelichagua neno, aliyelitetea mpaka akapasuliwa pua, ndiye aliyeliandika kama nilivyosema kila mtu ataliandika.

Muziki wote ukakatika. Maikrofoni pia ilipita kwenye mashine, kwa hiyo Zeinhom alibaki anachezesha midomo bila sauti, na jina la Dabbur halikutoka. Mtaa mzima ulikaa kimya. Mtu mmoja huko nyuma akacheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichotumaliza.

"Nani kakata?" Dabbur aliuliza. Hakupaza sauti.

Macho yote yalimgeukia Wagdi kwenye meza yake. Angeweza kusema nimekosea. Angeweza kusema umeme. Aliinua kidole akakielekeza jukwaani, kwa Zeinhom.

"Yeye ndiye aliyenipa ishara," alisema.

Sikuona kisu kilitoka wapi. Niliona tu mkono wa Dabbur ukipita mbele ya uso wa ndugu yangu, wa haraka, wa mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote, na shavu la Zeinhom likafunguka kuanzia pembe ya mdomo kwenda sikioni. Nilipanda jukwaani. Nilishika stendi ya maikrofoni nikampiga nayo Dabbur mgongoni kwa nguvu zangu zote, chuma kikapinda, na yeye hata hakugeuka. Viti vikaanza kuruka. Ndugu wa bibi harusi walidhani wachinjaji wamewageukia wao, wachinjaji wakadhani vivyo hivyo, na chupa zikapasuliwa shingo. Mzee mmoja alikanyagwa mbavu. Nilimng'ata mtu mkono ambaye sijui alikuwa upande gani. Nilimfunika Zeinhom kwa mwili wangu na kulizuia shavu lake kwa kiganja, damu ikipita katikati ya vidole, na juu ya vichwa vyetu Dabbur, aliyekuwa ameshikwa na watu, akaapa kwa kaburi la mama yake.

"Nitammaliza," alisema. "Mjue. Hili ni la mwanzo tu. Nitammaliza."

Zeinhom alishonwa hospitalini. Wagdi nilimkuta kwenye korido, shati halina doa. Nilimpiga kofi, nikampiga la pili, naye hakujikinga.

"Kulitokea hitilafu," alisema.

"Uliandika *ngoma simama*. Nimeona kwa macho yangu."

"Nikisema ni mimi wataniua, Inshirah. Mimi siwajui wale watu. Zeinhom wamekua pamoja, amewazoea, watamsamehe."

Nilitaka kumwua pale pale, chini ya picha ya ukutani ya muuguzi aliyeweka kidole midomoni. Mguu wangu ulimwingia tumboni akakaa chini. Walinzi walinitoa nje nikiwa napiga mateke.

Polisi walipita, wakanywa chai, wakaenda zao. Aliyelibeba jambo ni Hajja Nafisa, muuza mkaa, ambaye mikahawa yote ya shisha Imbaba inamtegemea na ambaye Dabbur mwenyewe hathubutu kumkatiza akizungumza. Alitangaza kikao cha sulhu Jumapili asubuhi kwenye ua wake wa mkaa. Masharti yalikuwa mepesi kuelewa. Ikithibitika kwamba Zeinhom alitoa ishara ya kukata salamu, kikao kitaacha kusimama kati yake na Dabbur, na Dabbur atatimiza kiapo. Ikithibitika hakutoa, Dabbur ndiye mwenye deni la damu.

Tuliketi juu ya magunia, weusi mpaka viwikoni kwa vumbi la mkaa. Zeinhom aliketi kando yangu, uso umevimba, nyuzi nyeusi zimepita shavuni, akizungumza kwa upande mmoja wa mdomo. Wachinjaji walijaza ukuta wa pili. Wagdi aliitwa katikati.

"Mwanangu, eleza," Hajja Nafisa alisema. "Na usinizungushe, nina magari yanasubiri mkaa."

"Mama Hajja, maneno ya lugha hii ni wazi. Nimeyachagua mwenyewe. Chombo kimoja kinaambiwa *toka*. *Simama* ni kuzima kila kitu. Mtu haandiki *simama* kwa bahati mbaya. Nilipewa ishara ya kuzima, nikazima."

Alikuwa ameshika mahali penyewe. Kama neno lilikuwa wazi, basi salamu ilikatwa kwa kusudi, na ndugu yangu amekufa. Kama neno lilikuwa bovu, lilikuwa kosa la mkono. Uhai wa Zeinhom ulikuwa unaning'inia kwenye ubaya wa neno la Wagdi, na Wagdi alikuwa bado analisifia.

"Wewe ndiye uliyeiunda hiyo mashine," Hajja alinigeukia. "Anasema kweli?"

"Kwamba amri inazima kila kitu, kweli. Kwamba neno ni wazi, uongo. Mtu yeyote mwenye akili zake akitaka ngoma inyamaze ataandika alichoandika yeye."

"Maneno ya dada mtu," Dabbur alisema. "Dada mtu atasema nini?"

"Basi andika wewe."

Ua mzima ukanitazama. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Ulimi ulinitangulia, lakini nilipokwisha kusema nikaona hakuna njia nyingine.

"Mimi na kompyuta wapi na wapi?" Dabbur alisema.

"Simu unaitumia kutukana watu kila siku," Hajja Nafisa alimjibu. "Andika."

Nilimnyang'anya Wagdi kompyuta, nikaiweka juu ya gunia lililotandikwa gazeti, nikaunganisha spika na maikrofoni. Nilimwandikia Dabbur maneno yote matatu kwenye karatasi, *ingia, toka, simama*, sikumweleza hata moja, na Hajja akasimama juu yetu ahakikishe. Zeinhom akashika maikrofoni. Nilimkataza, akanisukuma kwa kiwiko.

"Salamu ikiwa inaendelea," Hajja alimwambia Dabbur, "ngoma itakuwa kubwa mno. Jina lako halisikiki. Inyamazishe ngoma. Haraka."

Nikaanzisha muziki. Zumari, kinanda, ngoma ikipiga mpaka vumbi la mkaa linaruka. Zeinhom akafungua mdomo. Mshono wa pembeni ukaachia, damu ikamteremka kidevuni, naye akaendelea.

"Salamu kwa wachinjaji wa Imbaba... Salamu kwa aliyekosekana..."

Dabbur aliinama. Vidole vyake vilikuwa vinene, kila kimoja kikifunika herufi mbili. Akaandika *ngoma*. Akatazama karatasi. Akabonyeza t, mwanzo wa *toka*. Nilimtazama Zeinhom, na yeye alikuwa ananitazama mimi, akijua, huku akiendelea kusalimu. Wagdi alikuwa amefumba macho, na sijui alikuwa akiomba nini.

Dabbur aliifuta ile t.

"Ngoma itoke iende wapi?" alinong'ona, kwa hasira ya mtu anayeharakishwa. "Ina miguu?"

Akaandika *simama*, akabonyeza.

Zumari, kinanda, ngoma, na sauti ya Zeinhom, vyote vilikatika kabla ya jina la Dabbur, kama Alhamisi. Akabonyeza tena kitufe kile kile, mara kadhaa. Akaitazama spika. Kisha akatutazama sisi, na nikaona jambo lenyewe linamwingia taratibu.

"Nani kakukatia salamu sasa, Dabbur?" Hajja Nafisa aliuliza.

Alijipiga kofi usoni mwenyewe, la nguvu, kisha la pili, alama nyeusi za mkaa zikabaki shavuni. Halafu akamwendea Wagdi. Alimwinua kwa mkono mmoja akamtupa kwenye lundo la mkaa, akamfuata huko, na alichomfanyia sitakipamba. Nilisikia jino. Wachinjaji hawakusogea. Mwanzoni nilifurahi, nisiwadanganye, kila pigo lilinikaa vizuri moyoni. Kisha ikafika mahali nikaacha kufurahi, na mapigo yakaendelea.

"Basi," Hajja alisema hatimaye. "Bado nina haja naye."

Dabbur alirudi katikati ya ua akihema. Alichomoa kisu chake kiunoni, akakigeuza, akamnyooshea Zeinhom mpini, akageuza shavu lake na kufumba macho. Hivyo ndivyo ilivyo kwetu. Mwenye haki anachukua haki yake au anasamehe, na vyovyote atakavyochagua, kiapo kimekwisha.

"Chukua haki yako, ndugu yangu," alisema. "Sikujua."

Zeinhom alikipokea kisu. Alimgusa Dabbur bega, akampita. Alikwenda mpaka kwenye lundo la mkaa, akapiga magoti mbele ya Wagdi.

"Huyu alinikata kwa hasira," alisema kwa upande wa mdomo uliobaki mzima. "Wewe ulikuwa na akili zako. Niambie ulifanya nini."

"Kulitokea hitilafu kwenye..."

"Hitilafu ni nini? Hapa kuna wachinjaji na wauza mkaa. Tafuta neno watakaloelewa."

"Nilichanganyikiwa, binamu."

"Si hilo."

"Niliogopa. Wallahi niliogopa."

"Hilo ni la rohoni mwako. Mimi nauliza ulichofanya." Akaweka ncha ya kisu kwenye pembe ya mdomo wa Wagdi. "Wewe si ndiye mchagua maneno? Chagua."

Wagdi alinitazama mimi. Nilikuwa hatua chache tu, ningeweza kumshika Zeinhom mkono. Macho yake yalikuwa yale yale ya utotoni, aliyokuwa akinitupia mama yake akishika mwiko, na mara zote nilikuwa namtetea.

"Nilidanganya," alisema.

"Sasa nimekuelewa," Zeinhom alisema, akamkata.

Haikuwa ndefu kama yake, lakini ilifunguka. Hakuna aliyepiga kelele, hata Wagdi. Mimi nilibaki nimesimama, mikono imening'inia, weusi wa mkaa mpaka kwenye kucha. Hajja Nafisa alimnyang'anya Zeinhom kisu, akakifuta kwenye gunia, akatangaza kwamba deni limekwisha pande zote na kwamba neno lile *simama* lisisikike tena kwenye harusi yoyote ya Imbaba. Kisha akatuambia tunyooshe mikono tusome Fatiha, na Wagdi akaisoma pamoja nasi mpaka amina, damu ikimteremka shingoni.